Kabla ya kuandika "mpole sana" katika ripoti ya mwanafunzi

Kila muhula unapokaribia kwisha, mwalimu wa darasa katika shule zetu za sekondari huketi na rundo la taarifa za maendeleo ya wanafunzi, na akishamaliza kunakili alama za masomo hulikuta lile jedwali la tabia na mwenendo, ambamo anatakiwa kuweka herufi kwa bidii ya kazi, heshima, ushirikiano, usafi, uaminifu na mengine ya namna hiyo. Alama ya Hisabati imetokana na mtihani uliotungwa, ukasimamiwa na kusahihishwa kwa mwongozo. Alama ya uaminifu imetokana na kumbukumbu za mtu mmoja aliyechoka. Chini kabisa kuna mstari wa maoni, na hapo ndipo huandikwa maneno ambayo mzazi atayakumbuka kuliko alama zote: mpole sana, mvivu, msumbufu, hajiamini.

Ninafundisha upande wa Uyole, jijini Mbeya, na saikolojia niliyo nayo ni ile ya msingi niliyoisoma Iringa katika mafunzo ya ualimu. Katika kozi ile, kama ilivyo katika vitabu vingi vya utangulizi, nadharia za haiba, yaani za sifa zinazomtofautisha mtu na mwingine, zilikuwa na mada yao, nadharia za ujifunzaji zikawa na mada yao, na katika mtihani zikaulizwa katika maswali mawili tofauti. Miaka ya kufundisha imenishawishi kwamba mgawanyo huo unafaa kwa kupangia kitabu, lakini unampotosha mwalimu anayemtazama mtoto, kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachokiita haiba ya mwanafunzi ni historia ya yale aliyojifunza, mahali alipojifunzia, na watu waliokuwa wakimtazama alipokuwa akijifunza.

Mwaka 1936 wanasaikolojia Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza wakitafuta kila neno linaloweza kumtofautisha mtu mmoja na mwingine, wakapata takribani maneno 18,000, na kati ya hayo waliona kwamba yapata 4,500 yanataja sifa za kudumu. Raymond Cattell akaendelea kuyachambua kwa takwimu hadi akabaki na vipengele 16, Hans Eysenck akaona kwamba vichache zaidi vinatosha, na tangu miaka ya 1980 watafiti wengi wamekubaliana juu ya vitano: uwazi kwa mambo mapya, uangalifu katika wajibu, uchangamfu mbele za watu, wema kwa wengine, na wepesi wa kupata wasiwasi. Jedwali letu la tabia na mwenendo limejengwa juu ya fikra hiyohiyo, ingawa halikupitia takwimu zozote. Linachukulia kwamba uaminifu au bidii ni kitu ambacho mtoto anacho kwa kiasi fulani, naye hutembea nacho kutoka darasani hadi uwanjani, na kutoka shuleni hadi nyumbani.

Dhana hiyo ilijaribiwa mapema, tena kwa watoto wa shule. Hugh Hartshorne na Mark May, nchini Marekani, waliwapa maelfu ya wanafunzi nafasi za kudanganya katika mazingira mbalimbali, yakiwemo mitihani, michezo na kazi za kufanyia nyumbani, na walipotoa matokeo yao mwaka 1928 ilibainika kwamba kumjua mtoto aliyedanganya mahali pamoja hakukusaidia sana kubashiri kama angedanganya mahali pengine. Miaka 40 baadaye, mwaka 1968, Walter Mischel alikusanya tafiti za aina hiyo katika kitabu kimoja na kuonyesha kwamba uwiano kati ya sifa iliyopimwa kwa dodoso na tendo lililoonekana katika tukio fulani ni nadra kuzidi 0.30, katika kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda pamoja kikamilifu. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali na wa muda mrefu, na jibu lililonishawishi zaidi kutoka upande wa watetezi wa sifa ni lile la Seymour Epstein wa mwaka 1979, aliyesema kwamba tukio moja halitoshi, bali ukichukua matendo ya mtu katika siku nyingi na kutafuta wastani, uthabiti wake utaonekana waziwazi. Naamini Epstein alikuwa sahihi. Lakini mwalimu wa darasa hana wastani wa namna hiyo. Ana siku nyingi za mahali pamoja, chini ya bango moja la ratiba, mbele ya wenzake walewale, na kwa lugha ambayo mtoto huenda hajaimudu.

Nilikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha Pili ambaye walimu wote waliomfundisha walikubaliana juu yake. Hakuwahi kunyoosha mkono, akiulizwa alisimama akatazama dawati, na katika ripoti zake za nyuma palikuwa pameandikwa kwamba ni mpole na hajiamini. Jumamosi moja nilipita kwenye mabanda ya viazi pale Uyole, karibu na njia panda inayoachanisha barabara ya Tunduma na ile ya Tukuyu na Kyela, nikamkuta amesimama kando ya mama yake akibishana na dalali aliyetaka kufungasha lumbesa kwa bei ya gunia la kawaida. Alikuwa akipiga hesabu kichwani, anakata kauli, anamtaka dalali ashushe viazi vya ziada mbele ya macho yake. Aliponiona alisema "Shikamoo mwalimu" kwa sauti iliyonyooka, akapokea "Marahaba" yangu, kisha akarudi kwenye mabishano yake. Mama yake akaniambia, "Mwalimu, huyu ndiye mhasibu wangu. Nikimwacha hapa peke yake, hata hao madalali wananyooka."

Mtu anaweza kujiuliza yupi kati ya hao wawili ni mtoto halisi, na nadhani swali lenyewe limekosewa. Mischel, pamoja na Yuichi Shoda na Jack Wright, waliwafuatilia kwa wiki kadhaa watoto waliokuwa katika kambi ya likizo huko New Hampshire, wakiandika kila mmoja alifanya nini alipochokozwa na wenzake, aliposifiwa na mtu mzima, au alipoonywa. Katika makala yao ya mwaka 1994 walionyesha kwamba watoto wawili wanaweza kulingana kwa wastani wa ukali, huku mmoja akiwa mkali anapoonywa na mtu mzima na mwingine anapofuatwafuatwa na watoto wenzake, na kwamba mpangilio huo wa "ikiwa hivi, basi vile" unajirudia kwa mtoto yuleyule. Uthabiti upo, ila unakaa katika uhusiano kati ya mtoto na hali anayokutana nayo. Kwa binti huyu mpangilio ulikuwa rahisi kuuona: akiulizwa kwa Kiswahili juu ya jambo analolimudu, anasema, akiulizwa kwa Kiingereza mbele ya darasa, ananyamaza.

Hapo ndipo nadharia za haiba zinapoishia, na mada ya pili ya kozi inapohitajika. Katika shule zetu za serikali mtoto husoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha akiingia Kidato cha Kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Binti alinisimulia baadaye kwamba katika majuma yake ya mwanzo sekondari aliulizwa swali, akajibu nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Kiswahili, darasa likacheka, na akasimamishwa hadi kipindi kikaisha. Haikuwa mara moja tu.

Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya umeng'enyaji wa chakula, aligundua kwamba mbwa wake walianza kutokwa na mate kabla ya chakula kufika, kwa sababu ya dalili zilizotangulia chakula. Kichocheo ambacho awali hakikuwa na maana yoyote, kama vile mapigo ya metronomu, kifaa kinachogonga kwa mwendo usiobadilika, kikitangulia chakula mara kwa mara hutosha chenyewe kuleta mate. Wanafunzi wa ualimu hukariri habari ya mbwa na kuishia hapo, ilhali mambo matatu aliyoyaeleza Pavlov baada ya hapo ndiyo yanayomfaa mwalimu zaidi. La kwanza ni kwamba mwitiko husambaa kwa vichocheo vinavyofanana na kile cha awali, ndiyo maana aibu iliyopatikana katika somo moja ikaenea katika kila somo linalofundishwa kwa Kiingereza. La pili ni kwamba mwitiko hufifia ikiwa dalili itaendelea kutokea bila kile kilichokuwa kikiifuata. La tatu ni kwamba hata uliofifia unaweza kurejea ghafla baada ya mapumziko, jambo ambalo kila mwalimu anaweza kulishuhudia shule zinapofunguliwa Januari.

Kwa nini basi hofu ya binti haikufifia katika mwaka mzima, wakati walimu wengine hawakuwahi kumwaibisha? Hili Pavlov peke yake halimalizi; B. F. Skinner ndiye anayelieleza vizuri. Skinner alifundisha kwamba tendo huimarishwa na matokeo yake, na matokeo yanaweza kuimarisha kwa njia mbili: kwa kuleta jambo linalopendeza au kwa kuondoa jambo linalokera. Njia hii ya pili, uimarishaji hasi, ndiyo inayochanganywa mno na adhabu katika karatasi za majibu, ilhali vinakwenda pande mbili zinazopingana, kwa kuwa adhabu hupunguza tendo na uimarishaji hasi huliongeza. Binti aliponyamaza sekunde kadhaa, mwalimu alimwambia akae na kumwita mwingine. Tishio likaondoka. Kunyamaza kumelipa, na kesho kutatokea haraka zaidi. Na kwa kuwa hasemi kamwe, hapati nafasi ya kugundua kwamba darasa hili la sasa halitamcheka. Mwalimu naye amejifunza kitu katika sekunde hizohizo, kwani kumwita mtoto mwingine mwenye jibu kumemwondolea ukimya unaochosha na kumwezesha kumaliza mada, kwa hiyo naye kesho atampita upesi zaidi. Wawili hawa wamefundishana ukimya, na mwisho wa muhula mmoja wao anaandika kwamba mwenzake ni mpole kwa asili.

Ninasisitiza sehemu hii kwa sababu inagusa pia suala la viboko, ambavyo kanuni zetu bado zinaviruhusu kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa idadi isiyozidi vinne. Skinner hakuipinga adhabu kwa sababu ya huruma peke yake. Alishikilia kwamba adhabu hulizima tendo kwa muda bila kumfundisha mtu la kufanya badala yake, na kwamba linaloimarishwa kwa uhakika ni mbinu za kuikwepa adhabu, yaani kujificha, kudanganya na kunyamaza. Mwanafunzi aliyechapwa kwa kutojua jibu hajaongezewa neno hata moja la Kiingereza.

Tofauti kati ya kujua na kutenda ilichunguzwa na Albert Bandura kwa namna ambayo kila mwalimu angepaswa kuifahamu. Wengi wanalikumbuka jaribio lake la mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambapo watoto wadogo waliomwona mtu mzima akimpiga mdoli mkubwa walimwiga. Jaribio lililofuata, alilolichapisha mwaka 1965, lina mafunzo zaidi. Watoto waliomwona mtu mzima akiadhibiwa kwa kumpiga mdoli walimwiga kwa uchache kuliko wale waliomwona akipewa zawadi, na hapo mtu angedhani kwamba hawakujifunza. Lakini watoto wote walipoahidiwa zawadi kwa kila tendo wanaloweza kulionyesha, tofauti ile ikapotea kabisa. Walikuwa wamejifunza kwa kiwango kilekile. Darasa lililoshuhudia mmoja akichekwa limejifunza kutoka kwake, na wanaonyamaza ni wengi kuliko aliyechekwa.

Jambo hili la kujifunza kwa kutazamana lina historia katika nyanda zetu. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe na Kyela katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake juu ya vijiji vya marika vya Wanyakyusa mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa umri wa miaka 10 au 11 walivyoondoka katika nyumba za wazazi na kujenga vibanda vyao pembeni, wakilala pamoja na kukua pamoja, huku wakienda kula kwa mama zao kwa makundi. Adabu, mazungumzo mazuri na ushirikiano vilitazamiwa vipatikane miongoni mwa rika, kwa kuishi pamoja. Mfumo huo umekwisha, na sina haja ya kuupamba, maana ulikuwa na ugumu wake, hasa kwa wanawake. Naukumbusha kwa sababu unaonyesha kwamba jamii iliyotuzunguka iliwahi kupanga makazi yake kwa kuamini kwamba rika hulea, wakati sisi tunajaza jedwali la tabia kana kwamba mtoto alikua peke yake.

Nadharia nyingine nitazipita haraka. Sigmund Freud alitufundisha kutilia maanani utotoni, ila mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kufanya mengi na nafsi isiyojijua, yaani ile sehemu ya akili ambayo mtu mwenyewe haitambui. Carl Rogers, aliyesisitiza kumkubali mtu bila masharti, ananifaa zaidi kama mwongozo wa namna ya kuzungumza na mtoto kuliko kama maelezo ya jinsi haiba inavyojengeka.

Lazima pia niseme wazi kwamba sidai kila kitu hujifunzwa. Alexander Thomas na Stella Chess, waliowafuatilia watoto wa New York kuanzia mwaka 1956, waliona tofauti za hulka tangu miezi ya mwanzo ya maisha, na tafiti za mapacha zimeonyesha mara nyingi kwamba takribani nusu ya tofauti za haiba kati ya watu, au pungufu kidogo, inahusiana na urithi. Mzazi mwenye watoto wawili hahitaji kuambiwa hilo. Wapo watoto watulivu kweli, wanaosikiliza kabla ya kusema, na utulivu wao hauhitaji tiba. Wasiwasi wangu ni kwamba neno lilelile "mpole" linamfunika mtoto wa namna hiyo pamoja na mtoto aliyefundishwa kunyamaza, na mwalimu asiyemwona mtoto nje ya darasa hana njia ya kuwatenganisha.

Tena, vipimo vyenyewe hubeba mahali vilipozaliwa. Lile jaribio maarufu la Mischel la kumwachia mtoto kipande cha peremende na kumwahidi cha pili akisubiri lilifanywa kwanza kwa watoto wa shule ya awali ya Stanford, na kwa muda mrefu likasomwa kama kipimo cha utashi alio nao mtoto ndani yake. Bettina Lamm na wenzake walipolifanya kwa watoto wa miaka minne wa wakulima wa Nso nchini Kamerun na kwa wenzao wa tabaka la kati nchini Ujerumani, takribani 7 kati ya 10 wa Nso walisubiri hadi mwisho, wakati Wajerumani waliosubiri walikuwa chini ya 3 kati ya 10. Watoto wa Nso hulelewa katika matarajio ya utii na kujizuia tangu wakiwa wadogo sana, na utashi wao una chanzo kinachoweza kuelezwa. Hapa nchini kwetu, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walichapisha mwaka 2002 utafiti waliofanya kwa wanafunzi wa vijijini Bagamoyo, ambao walipewa majaribio ya kufikiri, kisha wakafundishwa kwa muda mfupi mbinu za kuyakabili, kisha wakapimwa tena. Alama zilipanda, na kile mtoto alichoweza kujifunza katikati kilieleza uwezo wake vizuri kuliko alama ya kwanza. Ningependa kila mtu anayejaza ripoti aufahamu utafiti huo.

Kwa binti wa viazi, njia tuliyoifuata niliikopa kwa Mary Cover Jones, ambaye mwaka 1924 alimsaidia mtoto mdogo aitwaye Peter aliyeogopa sungura. Sungura alisogezwa karibu kidogo kidogo wakati Peter anakula kitu anachokipenda, na nyakati nyingine palikuwapo watoto wengine wasioogopa. Kwa upande wetu, kwanza binti alieleza hoja kwa Kiswahili kwa jirani yake wa dawati. Kisha wakaandika pamoja sentensi mbili za Kiingereza. Kisha akazisoma katika kundi la wanne. Na baada ya majuma akazisoma mbele ya darasa, akiwa ameshika karatasi, kwa mada aliyoichagua mwenyewe, ambayo ilikuwa namna ya kukokotoa faida na hasara katika mauzo ya magunia. Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutokana zaidi na kufanikiwa yeye mwenyewe, kuliko kuwaona wengine wakifanikiwa au kutiwa moyo kwa maneno, na kwa kweli maneno yetu mengi ya "jiamini" yalikuwa hayajamsaidia kitu. Bado hanyooshi mkono katika kila kipindi. Katika vipindi vyangu na vya mwalimu mmoja wa Jiografia, ananyoosha.

Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba haya yanafaa kwa darasa la watu 20, na kwamba mwenye mikondo mitatu iliyojaa hana muda wa kumfuata kila mtoto hadi sokoni. Pingamizi hilo ni la haki, nami simfuati kila mmoja. Ninachofanya ni kubadili mstari wa maoni, kwa kutaja hali pamoja na tendo: "Hushiriki vizuri katika kundi dogo, hunyamaza anapoulizwa kwa Kiingereza mbele ya darasa, anaendelea vizuri akipewa muda wa kuandika kwanza." Sentensi hiyo inachukua dakika chache zaidi ya "mpole sana", mwalimu wa mwaka unaofuata anaweza kuifanyia kazi, na mzazi akiisoma anaweza kuja kuniambia kwamba nyumbani hali ni tofauti. Wazazi watatu wamekwisha kuja kwa sababu hiyo, na mmoja wao alinieleza jambo juu ya usikivu wa mwanawe ambalo hakuna mwalimu aliyekuwa akilijua. Tumemhamishia dawati la mbele wakati akisubiri kupimwa masikio.